Rosser Reeves

Rosser Reeves (10 Septemba 1910 – 24 Januari 1984) alikuwa mwandishi na mtaalamu wa matangazo ya biashara kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mmoja wa watu walioamua sura ya matangazo ya televisheni katika miaka ya 1950, wakati runinga ilipokuwa ikiingia kwa mara ya kwanza katika nyumba za watu wa kawaida. Matangazo yake yalihusu bidhaa za kila siku: dawa ya meno, dawa ya kichwa, mkate, pipi, sigara na krimu ya kunyolea.

Reeves alitunga nadharia inayoitwa hoja ya pekee ya mauzo, ambayo hujulikana duniani kwa kifupisho cha USP na bado inafundishwa katika masomo ya biashara na masoko. Pia alitengeneza matangazo ya televisheni ya mgombea urais Dwight Eisenhower mwaka 1952, ambayo yalibadilisha namna ya kufanya kampeni za uchaguzi. Wakati huohuo wakala aliouongoza ulifikishwa mbele ya vyombo vya sheria kwa sababu ya tangazo lililowaonyesha watazamaji jambo ambalo halikuwa la kweli, na kesi hiyo bado inatajwa pale mipaka ya uaminifu katika matangazo inapojadiliwa.

Maisha ya awali

Reeves alizaliwa katika mji wa Danville, jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Methodisti. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Virginia lakini aliondoka bila kuhitimu. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na kazi zilikuwa adimu.

Alifanya kazi ya uandishi wa habari katika gazeti la Richmond Times-Dispatch, kisha akaajiriwa na benki moja ya Richmond, ambako alishughulikia matangazo. Mwaka 1934 alihamia New York, jiji lililokuwa na wakala wengi wakubwa wa matangazo. Mwaka huohuo alimwoa Elizabeth Street, na walipata watoto watatu.

Dada wa Elizabeth, Melinda, aliolewa na David Ogilvy, Mwingereza ambaye baadaye naye alikuwa mtu mashuhuri sana katika fani hiyo. Kwa hiyo wawili hao walikuwa mashemeji. Reeves ndiye aliyempa Ogilvy kitabu cha Claude Hopkins cha mwaka 1923 kuhusu matangazo ya kisayansi, na Ogilvy alikiri kwamba alijifunza mengi kwake. Hata hivyo walitofautiana kwa miaka mingi kuhusu tangazo zuri ni lipi.

Ted Bates & Company

Baada ya kupita katika wakala kadhaa wa New York, Reeves alijiunga na Ted Bates & Company mwaka 1940, mwaka uleule wakala huo ulipoanzishwa. Aliingia kama mwandishi wa matangazo, akapanda ngazi hadi kuwa mwenyekiti mwaka 1955. Ted Bates mwenyewe alikuwa mtu mkimya asiyependa kujitokeza hadharani, hivyo Reeves ndiye aliyeonekana kuwa sauti ya kampuni.

Wateja wao wakubwa walikuwa watengenezaji wa vitu ambavyo familia hununua kila wiki. Vitu hivyo vina tatizo moja la kibiashara: bidhaa ya kampuni moja hufanana sana na ya kampuni nyingine. Mnunuzi akisimama mbele ya rafu ya duka, anaona dawa tano za meno zenye kazi ileile na bei zinazokaribiana. Karibu kazi yote ya Reeves ilikuwa kutafuta jibu la swali hilo: kwa nini mtu achukue hii na kuiacha ile?

Televisheni inaingia nyumbani

Tangazo la kwanza la kulipiwa lililoruhusiwa kisheria katika televisheni ya Marekani lilirushwa New York tarehe 1 Julai 1941, kabla ya mchezo wa besiboli. Lilikuwa tangazo la saa za Bulova, na lilidumu kwa sekunde 10 hivi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilichelewesha maendeleo ya chombo hicho, lakini baada ya vita kikaenea haraka sana. Mwaka 1950 takriban asilimia 9 tu ya nyumba za Marekani zilikuwa na televisheni. Kufikia mwaka 1960 zilikuwa asilimia 87 hivi.

Mwanzoni kampuni moja ilidhamini kipindi kizima, kama ilivyokuwa desturi katika redio. Reeves aliona mapema kuwa tangazo fupi lililowekwa kati ya vipindi viwili maarufu lingewafikia watu wengi kwa gharama ndogo, kwa kuwa aliyelipia kipindi ndiye aliyekuwa amekusanya watazamaji. Mfumo huo wa matangazo mafupi yanayorudiwarudiwa ndio uliokuja kuwa wa kawaida duniani.

Hoja ya pekee ya mauzo

Reeves alieleza nadharia yake katika kitabu Reality in Advertising kilichotolewa mwaka 1961. Kwa maoni yake tangazo lenye nguvu lina sifa tatu:

1. Linampa mnunuzi ahadi moja iliyo wazi: ukinunua bidhaa hii, utapata faida hii.
2. Ahadi hiyo haitolewi na washindani, ama kwa sababu hawawezi kuitoa, ama kwa sababu hawajawahi kuitoa.
3. Ahadi yenyewe ina uzito wa kutosha kuwavuta watu wengi wahamie kwenye bidhaa hiyo.

Sifa ya pili ndiyo iliyoleta mjadala mkubwa. Reeves hakudai kwamba ni lazima bidhaa iwe tofauti kweli na nyingine. Ilitosha kampuni iwe ya kwanza kulisema jambo fulani kwa sauti kubwa. Mfano wake maarufu ni wa dawa ya meno ya Colgate, iliyotangazwa kuwa inasafisha pumzi huku ikisafisha meno. Karibu kila dawa ya meno hufanya hivyo, lakini hakuna mwingine aliyekuwa amelisema. Mshindani ambaye angelirudia baadaye angeonekana anaiga tu.

Kanuni yake nyingine ilikuwa kutobadilisha tangazo linalofanya kazi. Aliamini kwamba makampuni huchoka na matangazo yao wenyewe kabla hata wananchi hawajayakariri, na kwamba kila linapobadilishwa fedha zilizotumika kulijenga katika kumbukumbu za watu hupotea. Vilevile alipinga vichekesho, muziki na picha za kupendeza zisizo na uhusiano na bidhaa. Alizifananisha na mnyonya damu, kwa sababu huvuta macho ya mtazamaji na kuiacha ahadi ya bidhaa bila nguvu.

Reeves alitaka mafanikio yapimwe kwa namba. Alilinganisha makundi mawili: watu wanaolikumbuka tangazo, na watu wasiolijua. Kama wanaolikumbuka wanaitumia bidhaa zaidi kuliko wengine, tofauti hiyo aliihesabu kuwa kazi ya tangazo. Wakosoaji walisema kipimo hicho kina kasoro, kwani mtu anayetumia bidhaa tayari ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuyakumbuka matangazo yake.

Matangazo mashuhuri

Anacin

Anacin ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu yenye aspirini na kafeini. Tangazo lake la miaka ya 1950 lilionyesha mchoro wa kichwa cha mtu chenye visanduku vitatu ndani yake: katika kimoja nyundo inapiga, katika kingine springi inajikunja, na katika cha tatu radi inamulika. Kisha dawa inakuja na maumivu yanatulia.

Watazamaji wengi walilichukia tangazo hilo kwa kelele zake na kwa jinsi lilivyorudiwa miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo mauzo ya Anacin yalipanda sana. Reeves alijivunia kwamba filamu hiyo fupi iliyogharimu dola elfu chache iliingiza fedha nyingi kuliko filamu kubwa za Hollywood. Kwake haikuwa muhimu kama watu wanalipenda tangazo. Alichotaka kujua ni kama wanaikumbuka bidhaa wanapofika dukani.

M&M's

Pipi za chokoleti za M&M's zilianza kutengenezwa mwaka 1941, na wakati wa vita zilitumiwa na wanajeshi wa Marekani. Kila pipi imefunikwa kwa ganda gumu la sukari. Mwaka 1954 mkuu wa kampuni hiyo alimwendea Reeves kwa sababu matangazo yaliyokuwapo hayakuwa yakiuza. Baada ya mazungumzo mafupi Reeves aliona kwamba hoja ilikuwa ndani ya bidhaa yenyewe: pipi hiyo huyeyuka mdomoni, haiyeyuki mkononi.

Tangazo la televisheni lilionyesha mikono miwili iliyofumbwa, na mtazamaji akaulizwa ni upi wenye M&M's. Mmoja ulipofunguliwa ulikuwa umechafuka kwa chokoleti ya kawaida. Wa pili ulikuwa safi. Kauli hiyo iliendelea kutumiwa kwa miongo mingi, na mara nyingi hutajwa kama mfano safi wa hoja ya pekee ya mauzo, kwa sababu hapa tofauti ilikuwa ya kweli na kila mtu angeweza kuijaribu mwenyewe.

Mkate na sigara

Mkate wa Wonder Bread ulitangazwa kuwa unasaidia kujenga miili yenye nguvu kwa njia 8, na baadaye zikawa njia 12. Ahadi hiyo ilitegemea vitamini na madini yaliyoongezwa katika unga, jambo ambalo waoka mikate wengine nao walilifanya. Mwaka 1971, Reeves akiwa ameshastaafu, serikali ilifungua malalamiko kuhusu matangazo ya mkate huo yaliyoelekezwa kwa watoto na wazazi wao.

Sigara za Viceroy zilitangazwa kwa kutaja idadi ya vitundu 20,000 vya kuchujia moshi katika kila kichungi. Namba hiyo iliwafanya wavutaji waamini kwamba wanakingwa na madhara, wakati ambapo habari za uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu zilikuwa zimeanza kuenea. Mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyothibitisha kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu, na kuanzia Januari 1971 matangazo ya sigara yalipigwa marufuku katika redio na televisheni za nchi hiyo.

Kampeni ya Eisenhower

Mwaka 1948 Reeves alipendekeza kwa watu wa mgombea wa Chama cha Republican, Thomas Dewey, watumie matangazo mafupi. Pendekezo lilikataliwa na Dewey akashindwa. Mwaka 1952 chama hicho kilimsimamisha Jenerali Dwight Eisenhower, na safari hii wazo likakubaliwa.

Reeves alizisoma hotuba za jenerali akaona kwamba zilikuwa na mambo mengi mno kwa wakati mmoja. Akachagua machache: gharama za maisha, rushwa serikalini na vita vya Korea. Mwezi Septemba Eisenhower aliingia studio jijini New York akarekodi majibu yapatayo 40 kwa siku moja, akisoma kutoka kwenye kadi zenye maandishi makubwa ili asihitaji kuvaa miwani. Wauliza maswali walirekodiwa baadaye. Walichaguliwa miongoni mwa watalii waliokuwa wakitembelea Radio City Music Hall, wakasomeshwa maswali yaliyokwisha andikwa ili yaendane na majibu. Mtazamaji aliona raia akiuliza na jenerali akijibu, ingawa wawili hao hawakuwa wamekutana.

Jenerali mwenyewe alinung'unika kwamba askari mzee kama yeye amefikishwa mahali pa namna hiyo. Mpinzani wake, Adlai Stevenson, na wafuasi wake walilalamika kwamba urais unauzwa kama sabuni. Eisenhower alishinda katika majimbo 39 kati ya 48. Wanahistoria wengi wanaona kwamba angeshinda hata bila matangazo hayo, kwa kuwa alikuwa shujaa wa vita aliyependwa sana. Lakini tangu mwaka huo hakuna mgombea mkubwa wa urais nchini Marekani aliyethubutu kuacha matangazo mafupi ya televisheni.

Kesi ya msasa

Mwaka 1959 wakala wa Ted Bates ulitengeneza matangazo ya Rapid Shave, krimu ya kunyolea ya kampuni ya Colgate-Palmolive. Tangazo lilidai kwamba krimu hiyo ina uwezo wa kulainisha hata msasa. Mtazamaji aliona krimu ikipakwa juu ya kitu kilichoonekana kama karatasi ya msasa, na mara hiyo wembe ukapita na kuacha njia safi.

Kilichokuwa mbele ya kamera hakikuwa msasa. Kilikuwa kipande cha kioo cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Msasa halisi uliweza kunyolewa, lakini ilibidi kwanza uloweshwe kwa takriban dakika 80. Watengenezaji walijitetea kwamba msasa wa kweli usingeonekana vizuri kwenye televisheni za wakati ule, kwani ungefanana na karatasi ya kawaida.

Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilifungua malalamiko dhidi ya kampuni na wakala wake pia. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu tarehe 5 Aprili 1965 kwa upande wa Tume. Mahakama ilisema kwamba mtu akialikwa kujionea uthibitisho kwa macho yake, hana budi kuonyeshwa uthibitisho wa kweli. Kumficha kwamba anachokiona ni kitu kingine ni udanganyifu, hata kama dai lenyewe lina ukweli kiasi fulani. Hukumu haikukataza vitu vya bandia vinavyotumika kama mapambo tu. Kwa mfano, viazi vilivyopondwa vingeweza kuwekwa mezani badala ya aiskrimu inayoyeyuka chini ya taa za studio, mradi tangazo lisivitumie kuthibitisha ubora wa aiskrimu inayouzwa.

Kesi hiyo iliweka wazi jambo la pili lenye uzito: wakala anayetengeneza tangazo anaweza kuwajibika pamoja na mwenye bidhaa, na hawezi kujificha nyuma ya mteja wake.

Maisha nje ya kazi

Reeves alikuwa mpenzi mkubwa wa mchezo wa sataranji. Aliusaidia mchezo huo nchini Marekani kwa fedha na kwa uongozi, na mwaka 1955 aliongoza msafara wa timu ya Marekani iliyokwenda Moscow kushindana na Umoja wa Kisovyeti. Wasovyeti walishinda kwa urahisi.

Alimiliki pia yakuti nyekundu kutoka Sri Lanka yenye uzito wa karati 138.7, ambayo ikimulikwa huonyesha umbo la nyota. Alikuwa na mazoea ya kutembea nayo kama kito cha bahati. Mwaka 1965 aliitoa kwa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, ambako hadi leo inajulikana kwa jina lake.

Kustaafu na kifo

Mwishoni mwa miaka ya 1950 upepo ulianza kubadilika. William Bernbach na wenzake walileta matangazo yenye ucheshi na unyenyekevu, maarufu zaidi yakiwa yale ya gari la Volkswagen kuanzia mwaka 1959. Kizazi kipya kilimwona Reeves kama mtu wa kupigia watu kelele. Alistaafu kutoka Ted Bates mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 55. Mwaka 1980 alitoa riwaya iitwayo Popo. Alifariki mjini Chapel Hill, North Carolina, akiwa na umri wa miaka 73. Mwaka 1993 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya watu wa matangazo nchini Marekani.

Urithi na Afrika Mashariki

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na picha za rangi. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994 tu. Kwa hiyo katika miaka ambayo matangazo ya Reeves yalikuwa yakitawala runinga za Marekani, mkazi wa Mnazi Mmoja au Kariakoo jijini Dar es Salaam alikutana na matangazo ya dawa ya meno na sabuni kwa njia nyingine: redioni, magazetini, kwenye kuta za maduka, na katika kumbi za sinema kama Avalon, Empire na Odeon. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na idhaa maalumu ya biashara.

Hata hivyo wazo la hoja ya pekee halikuwa geni sokoni. Mitaa ya Kariakoo ina maduka mengi yanayouza bidhaa ileile, na muuzaji mwenye kipaza sauti mlangoni hutafuta jambo moja ambalo jirani yake hajalisema: rangi haichuji, soli imeshonwa, ukinunua tatu unapewa ya nne. Tofauti ni kwamba mteja wa Kariakoo anaweza kuishika nguo, kuivuta na kuigeuza upande wa ndani kabla ya kulipa. Mtazamaji wa televisheni hana nafasi hiyo, naye hulazimika kuyaamini anayoonyeshwa. Ndiyo sababu kesi ya msasa ina maana hata mbali na Marekani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kumdanganya mlaji katika biashara, na utekelezaji wake uko chini ya Tume ya Ushindani. Wanafunzi wa masoko hukutana na jina la Reeves pande zote mbili: kama mtu aliyeonyesha nguvu ya kusema jambo moja kwa ufasaha na kulirudia, na kama mfano wa hatari inayokuwapo pale jambo hilo linapopewa uzito kuliko ukweli wa bidhaa. Reeves mwenyewe alikubali kwamba tangazo zuri haliwezi kuokoa bidhaa mbaya, kwa kuwa huwafanya watu wengi zaidi waijaribu mapema na kugundua ubaya wake.